Njia ya Kifundo cha Mkono: Mlango wa Ubongo Uliosahauliwa

Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg mwezi Novemba 1895, madaktari walipata uwezo wa kuona mifupa bila kushika kisu. Ubongo haukuonekana. Picha ya kichwa ilitoa fuvu, meno na matundu ya macho, lakini vilivyomo ndani ya fuvu vilikuwa ukungu mtupu, kwa sababu nyama ya ubongo na damu inayouhudumia huipitisha mionzi karibu sawasawa. Mtu aliyepooza upande mmoja, au aliyekuwa akipofuka polepole kwa sababu ya uvimbe kichwani, alipimwa kwa kugongwa magoti, kuchomwachomwa ngozi na kuulizwa maswali. Daktari akakisia ugonjwa ulipo, na mpasuaji akalifungua fuvu kwa kufuata kisio hicho.

Dokezo la kwanza lilikuja mapema. Januari 1896, wiki chache tu baada ya habari za Röntgen kufika Vienna, Eduard Haschek na Otto Lindenthal waliijaza mishipa ya mkono wa maiti mchanganyiko mzito wenye chaki, wakaupiga eksirei kwa dakika 57. Mishipa ikajitokeza hadi vidoleni. Ikajulikana kwamba ukitia ndani ya mshipa kitu kinachozuia mionzi, mshipa utaonekana. Yakabaki maswali mawili. Ni kimiminika gani kinachoweza kutiwa katika mshipa wa mtu aliye hai bila kumuua? Na kitiwe kupitia mlango gani?

Swali la kwanza lilipata jibu la kuridhisha ndani ya nusu karne. La pili lingali likibishaniwa na madaktari hadi leo, na kisa chake kina mzunguko usiotarajiwa. Mlango ambao sasa unatajwa kuwa wa kisasa, yaani ateri ya kifundo cha mkono, ulitumika kuifikia mishipa ya ubongo tangu mwaka 1947. Uliachwa, ukasahauliwa, kisha ukafunguliwa tena na madaktari wa moyo. Na katika kila hatua, kila mlango ulikuwa na bei yake: mara bei hiyo ililipwa na mgonjwa, mara ililipwa na daktari.

Lisbon: shingo yafunguliwa

António Egas Moniz alizaliwa Avanca, nchini Ureno, mwaka 1874. Alisomea udaktari wa mishipa ya fahamu, lakini siasa ilimchukua miaka mingi. Alikuwa mbunge, akawa balozi nchini Hispania, akawa waziri wa mambo ya nje, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akauongoza ujumbe wa Ureno kwenye mkutano wa amani mjini Paris. Aliporudi kwenye utafiti alikuwa amevuka miaka hamsini, na ugonjwa wa jongo ulikuwa umeiharibu mikono yake. Kisu alikishika msaidizi wake kijana, Pedro Almeida Lima. Moniz alifikiri na kuelekeza.

Wakati huo Walter Dandy wa Baltimore, Marekani, alikwisha kuonyesha mwaka 1918 kwamba hewa ikiingizwa katika nafasi za ndani za ubongo, nafasi hizo huonekana kwenye eksirei, na zikiwa zimesukumwa upande mmoja daktari hujua uvimbe uko wapi. Njia hiyo ilisaidia, ingawa iliwaacha wagonjwa na maumivu makali ya kichwa. Moniz alitaka kuiona mishipa yenyewe. Hoja yake ilikuwa rahisi: uvimbe hauwezi kukua ndani ya fuvu bila kuisukuma mishipa, kwa hiyo ramani ya mishipa itautaja uvimbe.

Majaribio yake kwa wagonjwa yalianza na bromidi ya stronti yenye ukali wa asilimia 70. Kuchoma sindano juu ya ngozi ya shingo hakukuleta picha. Ikabidi ngozi ipasuliwe, ateri ya karotidi ifichuliwe, damu izuiwe kidogo, kisha dawa isukumwe ndani. Mgonjwa mmoja alifariki baada ya damu kuganda katika mishipa yake. Moniz alisimamisha kazi, akaibadilisha dawa, akachagua iodidi ya sodiamu ya asilimia 25. Tarehe 28 Juni 1927, mgonjwa akiwa kijana wa miaka 20 mwenye uvimbe katika eneo la tezi ya pituitari, picha ilitoka. Ateri za ubongo wa mtu aliye hai zilionekana, na zilionekana zikiwa zimehamishwa kutoka mahali pake. Siku tisa baadaye, tarehe 7 Julai, Moniz aliiwasilisha kazi yake mbele ya wataalamu wa mishipa ya fahamu mjini Paris. Ndivyo ilivyozaliwa angiografia ya ubongo.

Kilichofuata kuhusu dawa kinahitaji kutajwa, maana kinaonyesha jinsi bei ya picha nzuri inavyoweza kuchelewa kudaiwa. Kuanzia mwaka 1931 Moniz na wengine walihamia kwenye Thorotrast, kimiminika chenye dioksidi ya thoriamu. Haikuuma na picha zake zilikuwa safi kuliko zote. Lakini thoriamu hutoa mionzi, na mwili hauna namna ya kuitoa. Ilibaki katika ini na wengu wa waliopewa, na miaka ishirini, thelathini na zaidi baadaye wengi wao walipata saratani ya ini. Dawa hiyo iliachwa, na misombo mipya ya iodini, inayotoka kwa mkojo, ikachukua nafasi yake. Moniz mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, si kwa angiografia, bali kwa lukotomia, upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo kwa wagonjwa wa akili, ambao leo unakumbukwa kwa uchungu.

Mlango ulibaki kuwa shingo. Mwaka 1936, Julius Loman na Abraham Myerson wa Boston walieleza jinsi ya kuichoma karotidi kwa sindano bila kupasua ngozi, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ikawa desturi. Iliondoa kisu, haikuondoa hatari. Damu ikivujia ndani ya shingo huweza kukibana kikoromeo, na ncha ya sindano ikiukwaruza ukuta wa ndani wa karotidi, kiharusi ambacho daktari alikuwa akikitafuta kinaweza kusababishwa na uchunguzi wenyewe.

Lund: mkono wapewa kazi

Ubongo hulishwa na ateri nne. Mbili ni za karotidi, mbele ya shingo, ambazo mtu anaweza kuzihisi zikidunda kwa vidole. Mbili ni za vetebra, na hizi zimejificha: hupanda zikipenya kwenye vitundu vya mifupa ya shingo, pingili kwa pingili, hadi zinapoingia kwenye fuvu kutokea nyuma. Hizo ndizo zinazolisha shina la ubongo na ubongo mdogo. Sindano inayoichoma karotidi huipata kwa urahisi. Kuichoma ateri ya vetebra katikati ya mifupa ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo sababu nusu ya nyuma ya ubongo ilichelewa kuonekana vizuri.

Mtu aliyelitazama tatizo hili kwa jicho jipya alikuwa Stig Radner, wa Lund, kusini mwa Sweden. Hakuwa mwoga wa njia ngumu. Mwaka 1945 alichapisha jaribio la kuipiga picha mishipa ya moyo kwa kupenyeza sindano kwenye mfupa wa kifua hadi ndani ya aota, ateri kuu inayotoka moyoni. Miaka miwili baadaye alikuja na wazo lenye upole zaidi. Ateri ya vetebra huchipuka kutoka kwenye ateri kubwa inayopita chini ya mtulinga kuelekea mkononi. Basi kwa nini daktari ahangaike na mifupa ya shingo, wakati anaweza kuifuata damu kinyumenyume kutoka mkononi?

Radner aliipasua ngozi ya kifundo cha mkono, akaifichua ateri ya radiali, ile ambayo muuguzi huishika anapohesabu mapigo, akaingiza humo mrija mwembamba wa aina iliyotumika kuchunguza njia ya mkojo. Akiutazama kwa eksirei, aliupandisha mkono mzima, ukapita kwapani, ukafika chini ya mtulinga hadi kwenye mdomo wa ateri ya vetebra. Dawa ikasukumwa, na mishipa ya nyuma ya ubongo ikajichora. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1947 katika jarida la Acta Radiologica. Mwaka uliofuata alieleza jinsi ya kuipiga picha aota ya kifuani kupitia ateri hiyo hiyo. Mwaka 1951 alitoa taarifa ndefu juu ya kuipiga picha ateri ya vetebra kwa mrija, akiwa na visa 221 mkononi.

Kwa hiyo miaka ishirini tu baada ya picha ya Lisbon, kifundo cha mkono kilikuwa tayari kimethibitishwa kuwa mlango wa ubongo. Kilichokosekana ni vifaa. Mirija ya wakati huo ilikuwa minene na migumu kwa ateri yenye upana wa milimita mbili hivi au tatu. Ateri ya radiali ina ukuta wenye misuli mingi, na ikisumbuliwa hujikaza, ikaubana mrija, ikamuuma mgonjwa. Zaidi ya hapo, kila uchunguzi ulihitaji kisu, na mshipa uliofunguliwa kwa kisu hapo kifundoni aghalabu haukurudi kufanya kazi yake. Njia ilikuwa sahihi, lakini kuipita kulimgharimu mgonjwa ateri moja.

Stockholm: waya, sindano na paja

Aliyekiondoa kisu alikuwa Mswidi mwingine. Sven-Ivar Seldinger, mzaliwa wa Mora, alikuwa daktari kijana wa radiolojia katika hospitali ya Karolinska mjini Stockholm. Tatizo lililomsumbua lilikuwa la vipimo: mrija unaopita ndani ya sindano lazima uwe mwembamba kuliko sindano, na sindano nene huacha tundu kubwa kwenye ateri. Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1953, ni fupi kiasi kwamba linaweza kusemwa kwa pumzi moja. Choma sindano. Pitisha waya laini ndani yake. Toa sindano, acha waya. Telezesha mrija juu ya waya hadi ndani ya mshipa. Toa waya. Sasa mrija unalingana na tundu, na hakuna kilichopasuliwa.

Leo hakuna hospitali kubwa duniani isiyoitumia njia hiyo kila siku, kwa mishipa, kwa figo, kwa kuondoa maji kifuani. Lakini wakuu wake Karolinska waliona kwamba ufundi huo ni mdogo mno kutosha kuwa tasnifu ya udaktari wa falsafa, na Seldinger akalazimika kuandika juu ya jambo jingine.

Ufundi wa Seldinger ungeweza kuupa mkono maisha mapya. Badala yake uliupa ushindi paja. Sababu hazikuwa za kijinga. Ateri ya paja, pale kwenye kinena, ni pana mara mbili au tatu kuliko ya kifundo cha mkono. Hudunda wazi, hukaa juu ya mfupa ambao daktari anaweza kuibania baada ya kazi, na haijikazi ovyo. Mirija ya plastiki ya miaka ya 1950 na 1960, minene kama ilivyokuwa, iliingia humo bila ubishi. Na kutoka pajani mrija hupanda aota moja kwa moja, ukafika kwenye upinde wake juu ya moyo, mahali zinapochipuka ateri zote za kwenda kichwani. Tundu moja, na ateri zote nne za ubongo zinafikika.

Wakaja mafundi wa kuikunja mirija. Kila kona ya upinde wa aota ikapata mrija wenye umbo lake, na kila mrija ulibuniwa kwa mtu anayekuja kutoka chini. Mwaka 1973 Charles Simmons na wenzake walieleza mrija wenye ncha iliyopinda kama mpini wa bakora, waliouunda kwa ajili ya wazee. Uzee huirefusha na kuizungusha aota, hata mrija wa kawaida kutoka pajani ukashindwa kuingia kwenye karotidi. Jina la Simmons litarudi mbele, na safari hiyo kwa kazi ambayo makala yake haikuilenga.

Madaktari wa mishipa ya ubongo waliozaliwa kitaaluma baada ya miaka ya 1960 walifundishwa paja, wakawafundisha wengine paja. Meza, skrini na ngao za mionzi vikapangwa kwa mtu anayesimama upande wa kulia wa nyonga ya mgonjwa. Baada ya miongo miwili hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama kuna mlango mwingine.

Mgonjwa ndiye aliyejua upungufu wake. Baada ya uchunguzi kinena kilibanwa kwa nguvu, kisha akalazwa chali kwa saa kadhaa, mguu umenyooshwa, haruhusiwi kukaa wala kwenda msalani. Mwenye maumivu ya mgongo aliteseka. Mnene, mzee, au aliyekuwa akinywa dawa za kuzuia damu kuganda alikabili hatari kubwa zaidi: damu kuvujia pajani, au mbaya kuliko hiyo, kuvujia nyuma ya utumbo, mahali inapoweza kukusanyika nyingi kabla mtu yeyote hajaona dalili kwenye ngozi.

Wakati huohuo kazi ya angiografia ilikuwa ikibadilika. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza wa CT, yaani eksirei inayochorwa kwa kompyuta, na nyama ya ubongo ikaonekana bila sindano. Haikuwa lazima tena kuukisia uvimbe kwa kutazama mishipa iliyosukumwa. Angiografia ikabaki na lile ambalo hakuna mashine nyingine iliyolifanya vizuri kama yenyewe: kuionyesha damu ikipita, sekunde kwa sekunde, katika mishipa midogo kabisa. Ikawa hukumu ya mwisho juu ya ateri iliyosinyaa, ukuta wa mshipa uliodhoofika na kutuna, au fundo la mishipa lililozaliwa na mtu.

Montreal na Amsterdam: watu wa moyo

Mlango wa mkono ulifunguliwa tena na Lucien Campeau, daktari wa moyo mjini Montreal, Kanada. Madaktari wa moyo duniani walikuwa wakimjua tangu 1976 kwa mizani yake ya kupima ukali wa maumivu ya kifua. Mwaka 1989 alichapisha taarifa ya wagonjwa 100 ambao mishipa yao ya moyo aliipiga picha kupitia ateri ya radiali, kwa sindano na waya, bila kisu. Mirija ilikuwa imekuwa myembamba, na lile ambalo Radner hakulipata sasa lilikuwa likiuzwa madukani.

Taarifa hiyo haikuwatikisa wengi. Kilichowatikisa ni damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vizibuo vya chuma, yaani stenti, vilikuwa vikiwekwa katika mishipa ya moyo, na kwa kuogopa damu kuganda juu ya chuma wagonjwa walipewa dawa kali nyingi kwa pamoja: aspirini, heparini, walfarini na nyinginezo. Mishipa ya moyo ilizibuka, na vinena vikavuja. Mjini Amsterdam, Ferdinand Kiemeneij aliona kwamba tatizo lilikuwa mlango. Mwaka 1992 alianza kuizibua mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono, kisha akaweka stenti kwa njia hiyo. Ateri ya radiali iko juu tu, chini yake kuna mfupa, na tundu lake hubanwa kwa kamba ndogo. Damu haina mahali pa kujificha.

Usalama wa mkono wenyewe unatokana na maumbile. Kiganja hulishwa na ateri mbili, radiali upande wa kidole gumba na alna upande wa kidole cha mwisho, na kwa watu wengi hizi huungana kiganjani. Moja ikiziba, nyingine huendelea kulisha. Edgar Allen wa Mayo Clinic alikuwa amebuni mwaka 1929 kipimo cha kuzibana na kuziachia ateri hizo ili kutazama wekundu ukirudi kiganjani. Alikitunga kwa ajili ya ugonjwa wa mishipa ya mikono na miguu. Miaka sitini baadaye kikawa swali la mlangoni kabla ya kuichoma ateri ya radiali, ingawa utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba majibu yake hayatabiri vizuri nani atapata madhara.

Ushahidi mkubwa ulikuja katika karne hii. Utafiti wa RIVAL, uliochapishwa mwaka 2011, ulikusanya wagonjwa 7,021 wenye dharura ya mishipa ya moyo katika nchi 32, ukaonyesha kwamba madhara makubwa mahali pa kuchomwa yalikuwa machache zaidi kwa walioingiliwa mkononi. Mwaka 2015 utafiti wa MATRIX, wenye wagonjwa 8,404, uliongeza kwamba walioingiliwa mkononi walitoka damu kidogo na walikufa wachache zaidi. Mwaka 2018 Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilitoa tamko la kutaka mkono uwe chaguo la kwanza kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Kurudi ubongoni

Kwenye ubongo, walioanza mapema walikuwa Wajapani. Katika Chuo Kikuu cha Shinshu, mjini Matsumoto, kundi la wapasuaji wa ubongo lilichapisha mwaka 2001 taarifa ya wagonjwa 166 mfululizo waliofanyiwa angiografia ya ubongo kupitia kifundo cha mkono. Mwaka uliofuata kundi la Buffalo, katika jimbo la New York, likawaeleza Wamarekani njia hiyo kuwa mbadala wa paja. Wengi waliichukua kama akiba: iwapo paja limeziba, au aota ina ugonjwa, ndipo mkono ukumbukwe.

Kusita kwao kulikuwa na msingi. Kutoka kifundo cha mkono wa kulia, ateri ya vetebra ya kulia iko njiani, kama Radner alivyojua. Karotidi ya kulia iko karibu pia, ingawa mrija lazima ugeuke juu kwa kona kali. Shida ni upande wa kushoto. Mrija unaingia kwenye upinde wa aota kutoka juu, ukielekea moyoni, ilhali mdomo wa karotidi ya kushoto unatazama juu. Daktari anapaswa kuugeuza mrija ndani ya aota ili ncha yake ipande badala ya kushuka.

Hapo ndipo jina la Simmons liliporudi. Mpindo wake, uliobuniwa kwa wazee walioingiliwa pajani, ndio unaofaa kuliko mingine yote kwa anayetoka mkononi. Daktari huusukuma mrija ndani ya aota hadi ujikunje na kulipata umbo lake, kisha huuvuta taratibu. Kadiri unavyovutwa, ndivyo ncha inavyopanda hadi izame kwenye karotidi. Mikono iliyozoea kwamba kusukuma ni kwenda mbele ilibidi ijifunze upya. Ateri ya vetebra ya kushoto imebaki kuwa ngumu kufikika kutoka mkono wa kulia, na wapo wanaoamua kuingilia mkono wa kushoto wakijua mapema kwamba ndiyo wanayoihitaji.

Uchunguzi wenyewe sasa una utaratibu uliozoeleka. Mkono unanyooshwa, ganzi inachomwa, na mara nyingi mashine ya ultrasaundi huonyesha ateri ilipo na upana wake. Sindano inaingia, waya, kisha mrija mfupi wa mlangoni. Kupitia huo hutiwa dawa za kulegeza ukuta wa mshipa, kama verapamili na nitrogliserini, pamoja na heparini ya kuzuia damu kuganda. Hizi ndizo zilizotatua lile tatizo la ateri inayojikaza. Mrija mrefu hupandishwa, mishipa hupigwa picha mmoja baada ya mwingine, na mwisho mkanda wenye kifuko cha hewa hufungwa kifundoni. Kifuko hujazwa kiasi cha kuzuia damu isitoke lakini bila kuizuia isipite, kwa kuwa iligunduliwa kwamba ateri inayobanwa kabisa ndiyo inayoziba. Mgonjwa huweza kukaa, kula na kutembea muda mfupi baadaye.

Mwaka 2017 Kiemeneij alisogeza mlango mbele kidogo. Alieleza wagonjwa 70 aliowaingilia kwenye kile kishimo kinachojitokeza nyuma ya mkono, chini ya kidole gumba, mtu anapokinyoosha kidole hicho. Hapo ateri ya radiali imekwisha kutoa tawi la kulisha kiganja, kwa hiyo hata ikiziba madhara ni madogo zaidi. Wachunguzi wa ubongo nao wakaifuata njia hiyo.

Bei ya kila mlango

Mkono haukulimaliza paja. Kwa baadhi ya watu ateri ya radiali ina kitanzi ambacho mrija hauwezi kukipita. Kwa wachache sana ateri ya mkono wa kulia huchipuka mwisho kabisa wa upinde wa aota na kupita nyuma ya umio, umbile ambalo David Bayford wa London alilieleza katika karne ya 18, na ambalo huigeuza safari ya mrija kuwa fumbo. Kuna mikono inayojikaza licha ya dawa, na hapo kinena hutumika. Na katika matibabu ya dharura ya kiharusi, ambayo tafiti za mwaka 2015 ziliyafanya kuwa kawaida, daktari hulivuta bonge la damu kutoka ubongoni kwa mirija minene inayopita vizuri zaidi pajani. Pale kila dakika ina thamani, na hakuna anayetaka kujaribu kwanza.

Madaktari waangalifu hukumbusha jambo jingine. Ushahidi wa maelfu ya wagonjwa ulitoka kwenye moyo. Mrija wa moyo hauna haja ya kuingia kwenye ateri za shingo. Wa ubongo lazima uingie, na mrija unaogeuzwageuzwa ndani ya upinde wa aota wenye mafuta yaliyoganda unaweza kukimega kipande kikaelekea kichwani. Faida ya mkono katika kuzuia damu kuvuja haiondoi wajibu wa kuipima hatari hiyo. Njia yenyewe ina kipindi cha kujifunza, na katika kipindi hicho uchunguzi huchukua muda mrefu na mionzi huwa mingi zaidi.

Hapo ndipo hoja ya historia hii yote ilipo. Shingo ilikuwa rahisi kwa daktari na ya hatari kwa mgonjwa. Mkono wa Radner ulikuwa wa werevu, ukamgharimu mgonjwa mshipa. Paja lilimpa daktari njia iliyonyooka, likamwachia mgonjwa saa za kulala chali na tishio la damu iliyojificha. Mkono wa leo umeugeuza mzigo: daktari ndiye anayejifunza upya, anayebadilisha mirija na kuhangaika na kona, ili mgonjwa aondoke kwa miguu yake. Ndiyo sababu mabadiliko yalichelewa. Kati ya makala ya Radner na ile ya Shinshu kuna zaidi ya miaka hamsini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haielezwi na ukosefu wa vifaa. Waya ya Seldinger ilikuwapo tangu 1953, mpindo wa Simmons tangu 1973, mfano wa Campeau tangu 1989. Kilichobaki ni wataalamu wenye ujuzi wa kutosha kukubali kuwa wanafunzi tena.

Mtu anayeambiwa kwamba anahitaji angiografia ya ubongo ana haki ya kuuliza ataingiliwa wapi na kwa nini. Jibu zuri linaweza kuwa mkono, na linaweza kuwa paja. Linapaswa kutokana na mishipa yake, umri wake, dawa anazotumia na ateri inayotafutwa. Likitokana tu na upande ambao meza ya chumba hicho ilipangwa kuanzia mwanzo, basi bado hajajibiwa.